Barua kwa mwanangu: utakuja kutibu au kuwachezea ngoma?

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako niliisikiliza kwenye treni nikitoka kazini, nikairudia tena nyumbani. Unauliza, ukija huku New York kusomea tiba ya dansi kama mimi, watakuchukulia terapisti au watakuona yule Mwafrika wa kuwachezea ngoma tu. Najibu kwa maandishi maana voisi nikianza simalizi, na wewe najua huwa unanisikiliza kwa spidi ya mara mbili.

Watakuona vyote viwili mama, na la ngoma litaanza mapema. Ile hospitali niliyoanzia, ikifika Februari, mwezi wao wa historia ya watu weusi, naambiwa nilete "kitu cha kwenu". Mara ya kwanza nikajifunga khanga nikaenda, wakapiga makofi, wakapiga picha, kesho yake kwenye kikao cha kujadili wagonjwa daktari mmoja ananiita yule mcheza ngoma, na mimi nina ripoti zangu mkononi! Februari iliyofuata nikawaambia shoo ina bei yake na ripoti ina bei yake. Wakacheka, ila hawakuniomba tena.

Ila usije ukajiona umedandia kazi ya wenyewe. Kweli Marian Chace, yule aliyeanza na wagonjwa wa akili St. Elizabeths kule Washington mwaka 1942, alikuwa Mmarekani, lakini muulizie Irmgard Bartenieff. Mjerumani, mcheza dansi, mwanafunzi wa Laban, yule mwalimu mkubwa wa dansi na miondoko ya mwili, mumewe Myahudi, wakawakimbia Wanazi wakaja Marekani 1936. Mtu mzima na jina lake kwenye dansi, akarudi darasani kusomea fiziotherapia, akawa anafanya kazi na wagonjwa wa polio, na vitu alivyovigundua pale ndo leo tunafundishwa darasani. Hiyo kazi wageni wameijenga na wao, kwahiyo ukifika kaa kwenye kiti chako vizuri.

Sasa kinachonisumbua mimi kuliko hao wa Februari ni adabu. Si unajua ulivyolelewa na bibi yako Tanga, mkubwa akiongea unashusha macho, na ukimuigiza mzee anavyotembea unachapwa. Basi huku supavaiza wangu wa kwanza akaandika kwamba naogopa kuangalia wagonjwa usoni, mimi nikidhani nawaheshimu. Na hiyo ya kuigiza ndo kazi yenyewe sasa! Tunakaa duara, mgonjwa akifanya kitu na mwili wake na wewe unakifanya, ili ajue kuna mtu amemuona. Kulikuwa na mzee mmoja wa Haiti, kakaa na koti lake ndani ya chumba chenye joto, anapigapiga goti kwa vidole vitatu, hasemi na mtu. Nikapiga goti langu vilevile, vidole vitatu. Akanitazama, akauliza, unanicheka? Mwenzio nilijisikia kama nimeshikwa na bibi yako mlangoni. Lakini nilimuelewa kabisa, maana hata kwetu ndivyo angeuliza. Mwenzangu Mmarekani ambaye tulikuwa naye pale hakuona tatizo, akaandika mgonjwa ni mkali. Kikao kilichofuata goti sikuligusa, nilichukua ile midundo nikaiweka mguuni, chini ya kiti, taratibu, kama vile ni yangu mwenyewe, yeye akaongeza kasi na mimi nikaongeza, tukaenda hivyo mpaka muda ukaisha. Koti hakuvua. Kitu kama hicho darasani hawatakufundisha, utakuja nacho kutoka nyumbani, na ndo sababu sitaki uache adabu zako airport ili ufanane nao.

Kiuno nacho utakiacha kwa muda. Kwetu kinachezwa wanawake peke yao ukumbini, huku wagonjwa wamechanganyika na mwingine ataelewa vingine kabisa. Na bibi yako bado anawaambia majirani mwanangu anapunga wazungu pepo, mimi nimechoka kumsahihisha, na kusema kweli hajakosea sana.

Makaratasi ndo yatakutoa jasho. Digrii yako ya Mlimani ya sanaa za maonyesho inafaa, ila programu nyingi zitataka uwe umesoma na saikolojia, na vyeti vyako vitapitiwa na watu wa kuvilinganisha na vya huku. Ukimaliza masta, viza ya mwanafunzi inakupa miezi 12 ya kufanya kazi, na leseni ya New York inataka saa 1,500 chini ya usimamizi. Ukipiga hesabu utaona zinatosha, lakini hizo miezi huwa zinaanza kuliwa wakati bado unatafuta kazi, na siyo kila mwajiri ana mtu mwenye sifa za kukusimamia. Nimeona mabinti wazuri tu, wa Brazil, wa Taiwan, wamefungasha virago na saa zao nusu.

Kwahiyo kabla hujalipa hata senti, waandikie hao wa shule uwaulize mambo mawili: programu yao imepitishwa na ADTA, kile chama cha terapisti wa dansi, na wanafunzi wao wenye pasipoti kama yako wanamalizia saa zao wapi. Wakikujibu juujuu nitumie hiyo email niisome.

Mama