Mkutano Mkuu wa SACCOS: Anza na Akidi, Mapambo Yatafuata

Msimu wa mikutano mikuu ukikaribia, wenzangu wa vyama vingine hunipigia simu na maswali yaleyale: ukumbi gani una bei nafuu, mshereheshaji gani anajua kazi, fulana zichapishwe rangi gani. Ni maswali ya haki. Lakini kwa miaka niliyokaa kwenye kamati ya maandalizi ya SACCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika wa akiba na mikopo, hapa Morogoro, swali ninalotamani niulizwe kwanza ni hili: ni ajenda zipi lazima zipitishwe siku hiyo, na zitapitishwa saa ngapi, watu wakiwa bado wamo ukumbini?

Mkutano mkuu ndicho chombo chenye mamlaka ya juu katika chama cha ushirika, na humo kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Wanachama ndio wanaopokea hesabu zilizokaguliwa, wanaoamua mgawanyo wa ziada, wanaopitisha makisio ya mapato na matumizi, na wanaoweka ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaweza kukopa. Huu ukomo wengi huuchukulia poa. Usipopitishwa na mkutano, kisha ukaridhiwa na Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, bodi haina njia ya kwenda benki kuongeza mtaji, na mwanachama anayesubiri mkopo wa kuezeka nyumba ataendelea kusubiri.

Niliwahi kualikwa kwenye mkutano wa chama jirani. Mgeni rasmi alitarajiwa saa 3 asubuhi, akafika saa 6 na ushee, na hakuna aliyethubutu kufungua kikao bila yeye. Zikafuata ngoma, risala, hotuba, picha ya pamoja, halafu chakula. Taarifa ya hesabu ilipoanza kusomwa, viti vingi vilikuwa vitupu. Makisio na ukomo wa madeni vilikuwa mwisho kabisa wa ratiba; akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ikawa imevunjika, ikabidi waitishe mkutano mwingine. Ukumbi, vipaza sauti na mpishi vikalipiwa mara ya pili kwa fedha za wanachama walewale. Iliniuma, kwa sababu kamati yao ilikuwa imehangaika kweli.

Kwa hiyo sisi humwalika mgeni rasmi aje kufunga. Akidi ikitimia, mwenyekiti wa bodi anafungua na kazi inaanza. Mgeni akifika saa 7, anapokea risala yenye maazimio ambayo tayari wanachama wameyapitisha, na hata hotuba yake inapata cha kushika. Mweleze msaidizi wake mapema, kwa barua na kwa simu, ili isionekane mmemshusha hadhi. Sijawahi kuona aliyekasirika.

Ndani ya ajenda zenyewe, wezi wakubwa wa muda ni muhtasari wa mkutano uliopita na yatokanayo, yaani mambo yanayoibuka kwenye muhtasari huo. Muhtasari ukisomwa neno kwa neno kwa watu mia tatu, asubuhi imekwisha. Dawa yake ni kabrasha. Mwanachama alipate nyumbani au kwenye simu siku nyingi kabla, likiwa na muhtasari, taarifa ya bodi, taarifa ya kamati ya usimamizi, hesabu na makisio. Weka ukurasa mmoja mwanzoni kwa lugha ya kawaida: tumekusanya kiasi gani, tumekopesha kiasi gani, mikopo iliyochelewa ni kiasi gani, gawio linalopendekezwa ni lipi. Mtu aliyeziona namba akiwa ametulia huja na swali zuri. Anayekutana nazo ukumbini kwa mara ya kwanza hushtuka, akahisi kuna kitu kimefichwa, na hapo utatumia saa nzima kuzima moto.

Tarehe nayo ina mitego. Jumamosi inapendwa, ila Wasabato wenu mtakuwa mmewafungia nje, na kura yao ni sawa na ya mwingine yeyote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ina usafi wa mazingira asubuhi. Ijumaa, hakikisha hakuna kura inayopigwa wakati wa swala. Kama ni masika, usimtegemee mwenye turubai. Tafuta ukumbi wenye paa. Sharti la siku za taarifa na idadi ya akidi limo kwenye masharti ya chama chenu. Lisomeni pamoja kwenye kikao cha kwanza cha kamati, halafu afisa ushirika apewe tarehe kabla hamjalipa hata shilingi ya ukumbi.

Siku yenyewe, pigeni hesabu ya mlangoni. Watu 300, kila mmoja akichukua nusu dakika kutafutwa kwenye daftari na kusaini, ni saa mbili na nusu kwa meza moja. Weka meza tano, mgawanye kwa namba za uanachama, na ndani ya nusu saa wote wamekaa. Kama kuna uchaguzi, karatasi za kura zitolewe hapohapo mtu anaposaini, na wahesabu kura wateuliwe asubuhi.

Chai ya saa 4 isikosekane: maandazi, mayai, chai ya moto, hasa kwa wazee waliotoka mbali alfajiri. Chakula cha mchana kiive, kinukie, lakini kisigawiwe kabla ya kura ya mwisho. Nauli nayo usiilipe asubuhi. Tuma kwa simu baada ya kikao kufungwa, kwa namba iliyosajiliwa chamani; hakuna bahasha, hakuna foleni, na mweka hazina ana kumbukumbu ya kila malipo. Wapo watakaonung'unika mwaka wa kwanza. Waelezeni sababu wazi mkutano ukianza, wataelewa.

Vipaza sauti vijaribiwe jana yake, viwepo viwili vya kutembezwa kati ya watu, maana mama aliyekaa nyuma hatapanda jukwaani kuuliza kuhusu akiba yake. Genereta iwe na mafuta. Mapambo? Kitambaa safi mezani na bango linalosomeka vinatosha.

Mpishi na mwenye ukumbi walipwe siku hiyohiyo. Katibu aandike maazimio jioni ileile, kila moja likiwa na jina la atakayelitekeleza na tarehe. Nakala iende kwa afisa ushirika, nyingine ibandikwe ofisini kwenu, mahali ambapo mwanachama anayekuja kuweka akiba ataisoma bila kuomba ruhusa ya mtu.