Muulize Fundi: Gari la Baba Lilikimbia Safari?

*Shikamoo Mzee Fundi. Marehemu baba alituachia gari la Kiitaliano, Lancia Fulvia ya milango miwili, alilonunua mwaka 1981 kwa mhandisi mmoja wa sukari kule Muhoroni. Tangu 1994 limelala chini ya turubai nyumbani kwetu Ahero, na kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mwezi uliopita alikuja dalali kutoka Nairobi, akaapa kwamba hili ndilo gari ambalo Sandro Munari, dereva wa rali wa Kiitaliano, aliliendesha kwenye mbio za Safari Rally za 1974. Anataka shilingi 40,000 za "kutafuta karatasi Italia", kisha tulipake rangi nyekundu na boneti nyeusi kabla ya kuita wanunuzi. Tuna picha moja ya zamani: gari limejaa tope, mlangoni kuna namba 27, na kiwiko cha dereva kimetokeza dirisha la kulia. Kitabu cha gari kinasema lilisajiliwa Kenya mara ya kwanza 1972. Namba ya chesisi inaanza na 818.631. Mama anataka tuuze, mimi nasita.*

*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Marahaba, kijana wangu. Huyo bwana usimpe hata ndururu. Ile namba uliyoitaja mwishoni, karibu uisahau, ndiyo inayomfukuza kwenye boma lenu.

818 ni ukoo wote wa Fulvia. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazosema ni mtoto yupi. 630 ni 1.3S ya toleo la pili, lililoanza kutengenezwa 1970, na hiyo 1 mliyo nayo mwishoni mahali pa 0 maana yake usukani uko kulia. Injini yake ni ya cc 1298, nguvu za farasi 90. Ni gari tamu, nimelishika mwenyewe: injini ya V yenye silinda 4 zilizobanana hadi zinafunikwa na kichwa kimoja, na linavuta kwa magurudumu ya mbele. Lakini Munari mwaka ule alikuwa na 1.6 HF, cc 1584, gari la kiwanda lililoletwa kutoka Torino. Alimaliza wa 3, nyuma ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo jirani zenu, aliyekuwa na Mitsubishi Lancer, na Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Sasa jiulize: gari la kiwanda lililokuja kushindana 1974 lingeandikishwaje Kenya 1972? Kitabu mnacho kabatini. Dalali hakukiomba, sivyo? Mtu anayetafuta ukweli wa gari huanza na kitabu. Yeye alianza na rangi.

Na hiyo rangi, ngoja nikwambie ilikotoka. Munari alishinda Monte Carlo mwaka 1972 kwa Fulvia nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 14, na mwaka huohuo Lancia wakatwaa ubingwa wa kimataifa wa watengenezaji. Kiwanda kikaona biashara: kikatoa Fulvia ya 1.3 ya kuuzia watu wa kawaida, kikaipa jina la Montecarlo na kuivika nyekundu ileile na boneti nyeusi ileile. Kwa hiyo hata huko Italia kwenyewe boneti nyeusi haijawahi kuwa ushahidi wa mbio. Watu waliinunua dukani, wakaenda nayo kanisani.

Lakini usimtupe dalali pamoja na picha. Hiyo picha imenikosesha usingizi kidogo.

Miaka mingi iliyopita, gereji yangu ikiwa bado nyuma ya mtaa wa Shabab, mteja aliniletea Alfa Romeo Giulia nyeupe iliyochujuka. Alitaka rangi mpya tu, arusi ya bintiye ilikuwa inakaribia. Nikachukua msasa namba 80, nikaanza na mlango wa dereva. Chini ya nyeupe kukaja kijivu, chini ya kijivu kukaja nyeupe nyingine, na ndani ya hiyo nyeupe ya pili nikaona mviringo hafifu, upana wake kama sinia la chai, na ndani yake mguu wa tarakimu nyeusi. Huenda ilikuwa 4, huenda 7. Mkono ulikuwa umeshazoea mwendo. Nilipoinua kichwa kumwita mwenye gari, nusu ya mviringo ilikuwa vumbi kwenye viatu vyangu. Mlango wa pili kijana wangu alikuwa ameshaumaliza, chuma kitupu. Hatukujua ilikuwa namba gani wala ya mashindano yapi, na hakuna atakayejua. Mteja alilipa akashukuru. Mimi ndiye niliyebaki na deni.

Ndiyo maana nakuambia: mtu asiguse Fulvia hiyo kwa msasa. Kuku mwafukuze, hiyo ruhusa nimewapa.

Jumapili moja chukua tochi na kitambaa chenye mafuta kidogo. Fungua mlango, tazama fremu pale bawaba zinaposhikia, mahali ambapo mpiga rangi mvivu hafiki. Hapo utaiona rangi ya kwanza ya gari. Kisha tazama dashibodi upande wa abiria. Waliokimbia rali siku hizo walifunga mita ya Halda ya kuhesabia maili ili msoma ramani asipotee, na mita hiyo huacha matundu ya skrubu hata ikishang'olewa. Inua zulia. Kama kulikuwa na vyuma vya kulinda paa, sakafuni kutakuwa na matundu ya bolti, mara nyingi na kipande cha bati kilichochomelewa chini yake kwa ajili ya nguvu. Lala chini utazame mbele ya injini: ngao ya kuikinga na mawe lazima ifungwe mahali fulani. Na chukua sumaku ya spika mbovu uibandike mlangoni. HF 1.6 za mwanzo, zile Waitaliano walizoziita Fanalone kwa ukubwa wa taa zake, zilikuwa na milango, boneti na kifuniko cha buti vya alumini. Sumaku ikinasa kwenu usisikitike, tumeshajua si hiyo.

Ukipata hata matundu mawili yanayolingana na picha, basi gari lina historia yake, ndogo kuliko ya dalali lakini ni yenu. Namba mlangoni si lazima iwe ya Safari. Vilabu vilikuwa na rali zake za mwisho wa juma, na mtu mwenye gari lake na shemeji wa kusoma ramani aliingia. Kiwiko kile cha kulia ni cha nani? Soma majina ya wamiliki kwenye kitabu, uwatafute watoto wao. Magazeti ya zamani yalichapisha majina ya washindani na namba zao, na ukifika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, omba ya miaka ya 1972 hadi 1981. Nenda na daftari na subira. Wazee wa Muhoroni nao wapo. Mnunulie mmoja chai umwonyeshe picha, halafu unyamaze.

Karatasi za Italia unaweza kuziomba mwenyewe. Idara ya urithi wa magari ya kampuni inayomiliki Lancia leo, iliyoko Torino, hutoa cheti cha asili kwa kufuata namba ya chesisi: lini gari lilitengenezwa na lilitoka na rangi gani. Kuna ada, lakini unailipa kwao, si kwa mtu aliyekuja na pikipiki. Cheti hicho hakitakuambia nani alikimbia nalo Nandi Hills. Hilo ni la chai ya Muhoroni.

Kuhusu kuuza, mama yako ana haki yake, lakini gari bado ni la marehemu kisheria. Barua ya chifu, mahakama, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi, ndipo mgeuze jina NTSA, mamlaka inayosajili magari. Anayekuharakisha upite njia ya mkato hapo, mwogope kuliko yule wa boneti nyeusi. Bei sikuandikii, gari sijaliona.

*Mzee, mimi na rafiki yangu tumewekeana mbuzi. Yeye anasema Lancia Stratos ilishinda Safari. Mimi nasema hakuna gari la Kiitaliano lililowahi kushinda. Nani anachinja?*

*Msomaji, Njoro*

Stratos ilikuwa bingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1974 hadi 1976, ikiwa na injini ya Ferrari Dino mgongoni mwa dereva, na Safari ikaikatalia. Mwaka 1975 Munari alikuwa wa 2 na Waldegård wa 3. Aliyeshinda ni Ove Andersson kwa Peugeot 504, gari lilelile lililokuja kuwa matatu yetu. Mwaka 1977 Munari akawa wa 3 tena, na mshindi ni yuleyule Waldegård, safari hii akiwa na Ford Escort. Rafiki yako kakosa.

Nawe umekosa. Miki Biasion alishinda 1988 na 1989, na Juha Kankkunen 1991, wote kwa Lancia Delta Integrale. Waitaliano walikuwa wakituletea magari mafupi kama kobe yaliyochorwa kwa rula, kumbe lililotufaa ni la milango mitano la kwendea sokoni, likafungwa turbo na kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Mbuzi mleteni gereji. Jumamosi nipo mpaka saa nane.