Kasoro zinazoua dili ziandikwe kabla ya kukiona kiwanja

Anayetafuta kiwanja Dar es Salaam huwa na orodha ya anavyovitaka: njia ipitike masika, maji yasiwe mbali, majirani wawe wameshaanza kujenga. Ni orodha nzuri, lakini ninayoomba uiandike kwanza ni nyingine, fupi, ya mambo ambayo likionekana hata moja mnageuza na kurudi nyumbani. Wenye Kiingereza chao huliita dealbreaker. Mtaani tunasema dili limekufa.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona ndugu na marafiki wakipima kila kitu kwenye mzani mmoja. Eneo lina mgogoro kidogo, ila bei imeshuka. Karatasi hazijakaa sawa, ila barabara ya lami inakuja. Mwisho wa hesabu, mazuri yanaonekana mengi kuliko mabaya, na mtu anatoa akiba yake yote.

Mteremko mkali ni suala la pesa: msingi utakula mawe na saruji zaidi, basi omba upunguziwe. Umeme kuwa mbali nalo ni suala la pesa, maana gharama ya nguzo inaulizika. Lakini kiwanja kilichomo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, hakina bei inayoweza kuitwa nafuu. Waulize wa Kimara. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, Kimara kuelekea Kiluvya, kwa maelezo kwamba hifadhi pale ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sehemu nyingi nchini, kwa barabara kuu na za mikoa, tumezoea mita 30 kila upande, kama ilivyo tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Palikuwa na watu walioishi pale miaka mingi, wana umeme, wana maji, na bado ukuta ukachorwa X nyekundu. Bonde la Msimbazi ni hivyohivyo: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengine hadi Mabwepande, kisha mwishoni mwa 2015 tingatinga likaanza kubomoa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hakuna punguzo linalosogeza mto.

Kipimo ninachotumia kutenganisha kasoro hizi ni swali moja: muuzaji akikata bei nusu, nitachukua? Nikijibu ndiyo, hiyo ni kasoro ya bei, tuendelee kuzungumza. Nikijibu hapana, mazungumzo yameisha, na sina haja ya kumsikia akitaja bei mpya.

Orodha yetu nyumbani ina mambo matatu tu. Ardhi isiyoruhusiwa kujengwa. Ardhi yenye zuio, rehani au kesi. Na muuzaji ambaye hana haki ya kuuza peke yake. Hili la tatu ndilo linalopenya kirahisi zaidi, kwa sababu linakuja na sura ya mtu mwema. Ni mtoto mmoja anauza cha marehemu baba bila barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, au mume anauza mke hayupo.

Upande wa Goba tulikipenda kiwanja kimoja mimi na mume wangu. Kiko juu, kimepimwa, mawe ya mipaka yote yanaonekana, na kina kijumba ambacho familia ya muuzaji ilikuwa ikiishi. Muuzaji, mzee mpole, alitupokea kwa heshima, tukamwamkia, tukakaa kivulini. Tulipomuuliza mama yuko wapi, akasema yuko mkoani anauguza. Dalali akadakia, "Dada yangu, hati ina jina la mzee peke yake. Mama atasaini akirudi, hana neno." Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine, hata kama hati ina jina lake tu. Tukaomba kumsubiri mama, au japo tuzungumze naye. Mzee akasema ana haraka, akashusha bei palepale, na ilikuwa punguzo la kutikisa moyo. Tukamshukuru, tukaondoka. Dalali alinuna njia nzima.

Kama tusingekuwa tumeandika mapema, naamini pale kivulini tungejadiliana. Mtu akishasimama juu ya ardhi, macho yanaanza kupanga sebule iwe wapi. Umeshalipa mafuta na hela ya usumbufu, umeambiwa mteja mwingine anakuja jioni, na kishika uchumba, yaani malipo ya awali, unacho mfukoni. Katika hali hiyo akili inatafuta sababu za kukubali, nayo huzipata. Mhuri wa serikali ya mtaa ndiyo sababu inayopendwa kuliko zote, ilhali mhuri ule unashuhudia mauziano tu. Haumpi muuzaji haki ambayo hana.

Kiwanja kile kilinunuliwa na mtu mwingine, na anaishi pale kwa amani. Wapo wanaotuambia tulipoteza bahati. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Tulichokuwa nacho siku ile ni muuzaji mwenye haraka na mke asiyepatikana, na fedha ambazo zikipotea hatungeweza kuzikusanya tena. Kwa hayo yaliyokuwa mbele yetu, kesho pia ningeondoka.

Orodha isizidi mambo matatu au manne, maana ukiandika kumi hutanunua popote. Kama mko wawili, kila mmoja aandike yake peke yake, kisha mzilinganishe. Mume wangu ndiye aliyeleta hilo la rehani, mimi sikuwa nimeliwaza. Kabla ya kwenda, omba nakala ya hati au walau namba ya kiwanja na ya kitalu, upeleke ofisi ya ardhi wafanye upekuzi, yaani wakague kumbukumbu za kiwanja hicho, na mipango miji wakuonyeshe kwenye ramani kinaangukia wapi. Muuzaji akikunyima namba hizo, usipande gari kwenda kukiona.