Feri yako imevuka, ndugu yangu

Maashallah, shairi lako la feri ya Likoni nimelisoma! Wanaokwambia feri ya Likoni si mada ya shairi wamesahau kuwa Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa kale, alitunga mambo ya Mombasa hii hii, siasa na maisha ya kila siku. Vina vyako vya kati na vya mwisho vimetulia, na huo ubeti wa mama na kapu la samaki nimeurudia kwa sauti, wallahi.

Jambo moja tu: "Feri yaenda ng'ambo" ina mizani (silabi) 7, na kipande, yaani nusu ya mshororo, chataka 8. Tumia mazida, yaani refusha neno, sema "Feri yaenenda ng'ambo", mshororo utatimia 16. Kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, usikiguse hata kidogo. Na lile shairi la pili uliloahidi, la madafu, li wapi?