Maswali ya Wasomaji: Bolti Inayozunguka Bila Kukaza

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Mimi ni mkazi wa Mikindani, nyumba yangu iko karibu kabisa na ufukwe, na nina gari dogo la Toyota ambalo nimezoea kulihudumia mwenyewe katika mambo madogo madogo. Mwezi uliopita nilibadilisha mkanda wa alternata, kile kifaa kinachozalisha umeme wa gari. Wakati wa kurudisha bano linaloishikilia, bolti moja ya namba 12 ilikaza vizuri, kisha ikalegea ghafla mkononi, na tangu hapo inazunguka tu. Nilipoitoa niliona imeviringwa na kitu kama uzi mwembamba mweupe wa bati. Fundi wa jirani alinishauri niizungushie nyuzi za waya wa shaba na kuipaka gundi ya kuchanganya. Ilishika siku nne, ikaachia nikiwa njiani kwenda Nanyamba. Fundi mwingine anasema ni lazima injini ishushwe. Je, tundu hili linaweza kutengenezwa nyumbani likadumu? Minada ya korosho inakaribia na gari ninalihitaji.

JIBU: Ndugu msomaji, huo uzi mweupe ulioviringa bolti yako ndiyo thredi yenyewe ya injini, yaani yale meno ya kuzunguka yanayoishika bolti, iliyong'oka kutoka ukutani mwa tundu ikatoka pamoja na bolti. Kamusi zetu huiita hesi, lakini ukienda dukani kuulizia hesi utaangaliwa kwa mshangao, kwa hiyo nitatumia neno la gereji. Jibu la swali lako ni ndiyo: tundu hilo linatengenezeka nyumbani bila kushusha injini, mradi mkono wa drili uweze kulifikia kwa kunyooka, na likitengenezwa kwa njia nitakayoieleza litakuwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kwanza nieleze kwa nini liliharibika, kwa sababu usipolijua hilo utaliharibu tena. Bolti yako ni ya chuma kigumu, ilhali injini nyingi za magari madogo ya siku hizi zimetengenezwa kwa alumini, ambayo ni laini. Nguvu ikizidi, kinachosalimu amri si bolti bali ni tundu. Zaidi ya hayo, unaishi mahali penye upepo wa bahari. Chuma na alumini vikigusana huku kati yake kuna unyevu wa chumvi, alumini huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe unaojaa ndani ya thredi na kuibana bolti. Siku unapoifungua kwa nguvu, bolti hutoka ikiburuta thredi iliyokwisha kudhoofika. Unapoirudisha, kilichobaki hakiwezi tena kuhimili mkazo wa kawaida. Sitashangaa ukiniambia kwamba bolti hiyo ilipiga kelele ulipokuwa ukiifungua.

Sababu nyingine ni bomba. Mafundi wengi, na pengine wewe pia, huongeza urefu wa spana kwa kipande cha bomba. Bolti ya aina yako kwa kawaida hukazwa kwa kiasi cha nyutonimita 20 hadi 25, ingawa kipimo halisi ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Kwa spana ya sentimita 20, nyutonimita 22 ni sawa na kuvuta kwa nguvu ya kunyanyulia mzigo wa kilo 11 hivi. Ukivuta kwa nguvu hiyo hiyo kwenye bomba la mita moja, bolti inapata zaidi ya nyutonimita 100, nawe mkononi huhisi tofauti yoyote.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotezea watu fedha hata kabla ya kazi kuanza, nalo ni hiyo namba 12. Sote tumezoea kuita bolti kwa namba ya spana inayoifungua, lakini namba hiyo ni upana wa kichwa, si unene wa bolti. Katika magari ya Kijapani, bolti inayofunguliwa kwa spana namba 12 kwa kawaida ina unene wa milimita 8, inayofunguliwa kwa namba 10 ina milimita 6, na ya namba 14 mara nyingi ina milimita 10. Nasema mara nyingi kwa sababu bolti ya kumwagia oili katika Toyota nyingi hufunguliwa kwa namba 14 ilhali unene wake ni milimita 12. Kwa hiyo usiende dukani kuagiza vifaa vya milimita 12. Chukua bolti yenyewe, iwe nzima, na uipime. Pima pia umbali kati ya jino moja la thredi na lingine. Katika bolti ya milimita 8 ya gari lako umbali huo unatarajiwa kuwa milimita 1.25. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuchukua nati unayoijua kipimo chake na kuiingiza kwa vidole: ikizama yote bila kukwama wala kuchezacheza, kipimo ni hicho.

Kabla ya kununua chochote, chunguza pia kina cha tundu. Ingiza spoku ya baiskeli hadi igote, weka alama, kisha linganisha na sehemu ya bolti inayoingia ndani. Mara nyingine tundu ni refu kuliko bolti, na thredi za mwisho hazijawahi kuguswa. Hapo dawa inaweza kuwa bolti ndefu zaidi kwa milimita tano tu, yenye ugumu uleule, na kazi ikaishia hapo kwa bei ya soda. Angalizo moja: bolti isigote chini kabla ya kubana bano, kwa kuwa itakupa hisia ya kukaza wakati bano bado linacheza.

Kama thredi zimekwisha zote, kinachohitajika ni springi ya thredi, ambayo wengi huijua kwa jina la Helicoil. Ni waya wa chuma cha pua uliokunjwa kama springi, wenye umbo la thredi ndani na nje. Tundu hupanuliwa kidogo, hukatwa thredi mpya kubwa zaidi, springi huzungushwa ndani yake, na bolti yako ya zamani hurudi palepale pasipo kubadilisha bano. Nguvu yake inatokana na kwamba springi imeishika alumini kwa eneo pana zaidi kuliko bolti ilivyoishika mwanzo, na bolti sasa inasugua chuma badala ya alumini kila inapofunguliwa. Nunua seti kamili ya milimita 8 kwa 1.25, yenye biti yake (ncha ya drili ya kutobolea), kikata thredi chake, springi na kifaa cha kuziingizia. Kikata thredi cha kawaida cha milimita 8 hakifai, kwa kuwa thredi ya nje ya springi ni kubwa zaidi. Ukiikosa Mtwara mjini, agiza maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, ije kwa basi.

Anza kwa kuondoa waya hasi wa betri, kwa sababu unafanya kazi karibu na alternata, na nyaya zake nene zina umeme wakati wote. Toa alternata kabisa kama inazuia drili. Usijaribu kuchoma tundu kwa kupinda mkono. Safisha mabaki ya gundi na shaba, kisha ziba kwa vitambaa kila uwazi ulio karibu. Biti ya springi ya milimita 8 kwa kawaida ni ya milimita 8.3 au 8.4, nawe fuata ile iliyoandikwa kwenye seti yako. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina ulichokipima kwa spoku, ili usije ukatoboa hadi kwenye njia ya maji au ya oili.

Hapa ndipo kazi yote ilipo: kunyooka. Tundu likiinama hata kidogo, bolti itaingia ikiwa imelala, bano halitakaa sawa, na alternata itavuta mkanda upande. Mwite mtu asimame ubavuni akiwa na skwea ya seremala, akuambie drili inapoinama, wakati wewe unaangalia kutoka upande mwingine. Endesha drili polepole, na alumini isikatwe ikiwa kavu, kwa sababu hugandana na biti; mafuta ya taa kidogo yanatosha kabisa. Kikata thredi nacho kizungushwe kwa mkono, si kwa drili: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vipande vya alumini vikatike badala ya kujikusanya. Kijaze grisi kwenye mifereji yake ili inase vipande hivyo. Ukihisi kimekuwa kizito, usilazimishe. Kitoe, kisafishe, urudi. Kikikatikia ndani, hapo ndipo utamhitaji kweli yule fundi anayetaka kushusha injini, kwa kuwa chuma chake ni kigumu kiasi kwamba biti ya kawaida haikitoboi.

Safisha tundu kwa kitambaa na kwa upepo. Fundi wa kuziba pancha mwenye kompresa atakusaidia kama gari linaweza kusogezwa, na vaa miwani. Usiache mafuta ndani ya tundu lisilotokeza upande wa pili. Mafuta hayashindiliki, na bolti ikiyasukuma kwa nguvu yanaweza kupasua alumini. Kisha zungusha springi kwa kifaa chake, bila kuikandamiza, mpaka mwanzo wake uzame chini ya uso kwa robo hadi nusu mzunguko. Ikibaki imechomoza, bano litaigusa na kuing'oa. Mwishoni ina ulimi mdogo uliotumika kuizungushia. Uvunje kwa kugonga mara moja kwa kipande cha chuma chembamba, kisha utoe nje kwa ncha iliyopakwa grisi. Usitegemee sumaku, kwa kuwa chuma cha pua cha aina hiyo kwa kawaida hakishikwi nayo.

Jaribu bolti kwa vidole kwanza. Iingie hadi mwisho bila spana, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia. Kama huna, azima, kwa kuwa hiyo ndiyo zana ambayo ingekuepusha na haya yote. Kwa kuwa uko Mikindani, paka bolti grisi kidogo sana dhidi ya chumvi, lakini kumbuka kwamba bolti yenye mafuta hubana zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo kaa upande wa chini wa kipimo.

Kuhusu waya wa shaba na gundi, sina haja ya kumlaumu jirani yako, kwa kuwa njia hiyo imeokoa safari nyingi usiku. Lakini gundi ya kuchanganya hulainika kwa joto la injini, na alternata hutikisika kila sekunde injini inapowaka. Siku nne ni nyingi.

SWALI: Fundi, mimi niko Nachingwea. Bolti ya kumwagia oili ya gari langu haikazi tena, na kila ninapobadilisha oili fundi huizungushia utepe mweupe wa mabomba. Inavuja tone moja moja. Nifanyeje?

JIBU: Utepe huo ulitengenezwa kwa ajili ya mabomba, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye oili na kwenda kuziba chujio la pampu. Zipo bolti nene kidogo zinazojikatia thredi zenyewe. Zinafaa kama suluhisho la dharura, ila zikiingia kombo hazina marekebisho. Mimi ningefungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, niipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kereza aiwekee bushi ya thredi, yaani kipande cha chuma cha mviringo chenye thredi ndani, kisha nifunge kwa washa mpya, ile pete ya kuzibia. Kama sampu yako ni ya bati na tayari imepinda kuzunguka tundu, nunua nyingine. Katika Toyota nyingi ndogo bolti hiyo hukazwa kwa nyutonimita zipatazo 37 tu, na kinachozuia oili ni washa, si nguvu ya mkono wa fundi.

SWALI: Plagi moja ya injini yangu iliruka na kuacha tundu halina thredi. Je, springi uliyoitaja katika majibu yako inaweza kuwekwa bila kufungua silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda? Ni mimi, msomaji wa Kilwa Masoko.

JIBU: Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo kwa kujaza grisi kwenye kikata thredi, lakini sikushauri uifanye nyumbani. Chini ya tundu hilo hakuna ukuta wa kuzuia vipande. Kuna pistoni, na kipande kimoja cha alumini au chuma kikibaki juu yake kinaweza kukwaruza silinda au kukwama kwenye kiti cha valvu. Isitoshe, plagi inahimili joto na mgandamizo wa kila mlipuko, hivyo bushi nzima ni bora kuliko springi ya waya. Fungua hedi, ipeleke kwa fundi wa kereza, na akuwekee bushi yenye thredi ya ndani inayolingana na plagi yako, ambayo katika magari mengi ni milimita 14 kwa 1.25. Mwambie pia akague matundu ya plagi nyingine, kwa sababu aliyekaza hiyo kupita kiasi huenda alikaza zote.