Asilimia Saba ya Nani?

Nyinyi mliokuja atachimenti mwezi huu, karibuni Mombasa. Jana nimemwona mmoja wenu akijumlisha impidansi (jinsi transfoma inavyouzuia mkondo): asilimia 7 ya transfoma ya MVA 5 (MVA ni kipimo cha uwezo wake) na asilimia 10 ya MVA 23, kama anayehesabu mahamri. Nikatoka nje, nikanywa kahawa chungu, nikarudi kuandika haya.

1. Asilimia ya kwenye kibao cha transfoma huhesabiwa kwa MVA za transfoma ileile. Ukihamia msingi mwingine, yaani MVA ulizochagua kuhesabia mtandao mzima, zidisha kwa MVA za msingi mpya, gawanya kwa za kibao. Mnalijua hili. Nami nililijua.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kuseti rilei za kiwanda kimoja, vile vifaa vinavyoiamuru brika (swichi kubwa) ikate umeme kukiwa na shoti: transfoma ya MVA 5, 33/11 kV, impidansi asilimia 7. Msingi niliochagua ulikuwa MVA 10, basi ilitakiwa 0.14, yaani asilimia 14. Nikaandika 0.07. Kibao kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari, nikakisugua kwa kitambaa, jua la utosi, hadi ile 7 ikajitokeza, na namba niliyoitolea jasho kiasi kile sikuwa na moyo wa kuigusa tena. Mkondo wa msingi upande wa 11 kV ni ampea 525, kwa hiyo mkondo wa shoti nikaupata kA (kiloampea) 7.5 badala ya 3.75. Seti ya papo hapo, mkondo unaoifanya rilei ikate bila kusubiri, nikaiweka kA 5. Mkubwa akasaini, nami nikatembea kifua mbele.

Miezi ikapita, kebo ikapasuka hatua chache tu kutoka kwenye brika. Shoti haikufika hata kA 3.75, rilei ikaona hayaihusu. Iliyoamka ni seti ya kuchelewa, na ilipoamka basiba, zile baa za shaba za kugawia umeme, zilikuwa zishayeyuka. Mlinzi, alhamdulillahi, alikuwa ametoka kuswali alasiri. Fundi mmoja mzee akaipekua karatasi yangu, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hii asilimia saba ni ya nani?"

2. Transfoma mbili sambamba, kVA sawa, moja asilimia 4 nyingine 6: ya 4 itabeba asilimia 60 ya mzigo.

3. Impidansi ndogo hupunguza kushuka kwa volti lakini huikuza shoti. kVA 1000, volti 415, asilimia 5: karibu kA 28. Someni brika inahimili kA ngapi kabla hamjaagiza.

4. Volti za msingi zifuate uwiano wa transfoma, 33 huku, 11 kule. Na kile kipande cha shaba kilichopindika juu ya meza yangu si pambo. Aliyekiwekea kikombe cha chai wiki jana akakiondoe.