Dodoso la wafanyakazi mtandaoni: siri huvujia wapi?

SWALI: Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda kimoja huku Pongwe, Tanga. Tuna wafanyakazi 212 wanaofanya kazi kwa zamu tatu. Mwaka jana tuliandaa dodoso la maoni mtandaoni, tukatuma kiungo kimoja kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda, tukapata majibu 260. Mengi yalikuwa ya kusifu tu, na fundi mmoja aliniambia kantini, "Nani atajichoma mwenyewe?" Safari hii nifanyeje ili kila mtu ajibu mara moja, siri yake ilindwe, na majibu yaaminike?

JIBU: Ndugu muulizaji, majibu 260 kutoka kwa watu 212 yanakuonyesha tatizo lililo jepesi. Zito ni lile alilokueleza fundi wako, nami nitakaa nalo zaidi.

Tuanze na hilo jepesi. Kiungo kilichorushwa kwenye kundi ni nyumba isiyo na mlango. Yeyote huingia, tena mara apendazo. Google Forms, huduma ya Google ya kuundia madodoso, inaweza kubanwa ipokee jibu moja tu kwa kila mtu, lakini itamlazimu mfanyakazi aingie kwa akaunti yake, na hata kama wewe huioni barua pepe yake, yeye anaiona juu ya ukurasa, na hapo hapo anaamua kusifu. Kwa hiyo napendekeza misimbo ya kutumika mara moja, yaani kila mtu anaandika msimbo wake ili dodoso limfungukie, nayo programu huria kama LimeSurvey huitengeneza yenyewe. Usitumie tarakimu sita tupu, kwa kuwa zinatoa michanganyiko milioni moja tu, na ukiwa na misimbo 212 iliyo hai, anayebahatisha atapata mmoja takriban katika kila majaribio 4,700, kazi ambayo kompyuta huimaliza kabla chai haijapoa. Tumia herufi kubwa na tarakimu, ukiondoa sifuri na O, moja na I, ambazo watu huzichanganya. Msimbo wa nafasi nane kutoka katika alama 32 zinazobaki una michanganyiko zaidi ya trilioni moja.

Sasa namna ya kuigawa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimtumia kila mtu msimbo wake kwa ujumbe wa simu, tayari mahali fulani ipo orodha inayosema huu ni wa nani. Badala yake, chapisha misimbo kwenye vipande vya karatasi, vikunje, vitie ndani ya kikapu, ukiweke getini wakati wa kubadilishana zamu. Kila mtu atie mkono achukue chake, na karani aweke alama mbele ya jina bila kuona kilichochukuliwa. Utajua nani amepata karatasi, wala hutajua karatasi ipi. Njia hii ina gharama yake: aliyepoteza karatasi huwezi kuufuta msimbo wake, na huwezi kumkumbusha mmoja mmoja asiyejibu, utawakumbusha wote. Kwangu mimi, gharama hiyo inalipika.

Hata hivyo, jina si kitu pekee kinachomtaja mtu. Chukua dodoso linaloomba idara, jinsia, rika na miaka kazini. Ukiwa na idara 6, jinsia 2, marika 5 na makundi 4 ya miaka ya kazi, umejenga vyumba 240 kwa ajili ya watu 212. Vyumba ni vingi kuliko wapangaji, na wengi watakaa peke yao. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa jinsia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta tu. Kiwandani, ambako watu wanajuana kwa mwendo na kikohozi, huhitaji hata hayo. Uliza mawili tu, kwa mfano idara na miaka kazini, tena kwa makundi mapana, na usitoe matokeo ya kundi lolote lenye majibu chini ya kumi. Angalia pia mtego wa hesabu ya kutoa: ukichapisha wastani wa idara nzima yenye watu 12, kisha ukachapisha wa wanaume 11, umeshamwanika yule mwanamke mmoja.

Saa nayo ni shahidi. Katika kazi moja niliyoitwa kukagua, jedwali la majibu lilionyesha malalamiko makali yaliyowasilishwa saa nane na dakika kumi na nne usiku, na usiku ule idara husika ilikuwa na watu wawili tu zamuni. Meneja hakuhitaji kudukua chochote, alifungua tu daftari la getini. Zima kabisa kumbukumbu ya tarehe na saa pamoja na ya anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, kabla dodoso halijafunguliwa. Google Forms huandika saa ya kila jibu, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuiepuka kwa kazi hii.

Wenye simu za kitochi uwawekee vishikwambi viwili mahali palipojitenga, si mezani kwa msimamizi, na kivinjari kijifute kila mtu amalizapo. Kurasa ziwe nyepesi, bila picha, na programu ihifadhi kila ukurasa unapokamilika, ili mtandao ukikatika mtu aendelee alipoishia kwa msimbo ule ule.

Jambo dogo lililowahi kuniumbua: tuseme umewaahidi watu dodoso litafungwa saa 12 jioni, nawe ukaandika 12:00 kwenye mfumo. Litafungwa saa sita mchana. Andika 18:00, na uhakikishe seva, yaani kompyuta inayoendesha dodoso, inafuata saa za Afrika Mashariki, la sivyo litachelewa au kuwahi kwa saa kadhaa.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka ukusanye taarifa zinazohitajika tu, kwa lengo ulilolitaja, na inadhibiti kuzisafirisha nje ya nchi. Kwa hiyo, kabla ya kukodi seva, uliza ipo nchi gani.

Linabaki swali la mwenye ufunguo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika shughuli hii ni mtu mwenye nywila ya msimamizi wa mfumo. Asiwe wewe, asiwe meneja. Mpe mtu wa nje kwa mkataba unaosema atakabidhi muhtasari pekee, kisha afute majibu ghafi pamoja na nakala rudufu siku mliyokubaliana.

Kabla ya kukitoa kikapu, fanya jaribio hili. Waombe wenzako watano wa ofisini wajibu kikweli, kisha mpe jedwali la majibu mtu wa sita anayewafahamu vizuri na umwambie akisie nani kaandika nini. Akimpata hata mmoja kwa uhakika, rudi kwenye maswali yako upunguze.